Sogea Kidogo, Tunapiga Mlango

Watu wana ndoto zao, siwaingilii. Huyu anadunduliza aende Paris akauone ule mnara wa chuma wa mwaka 1889. Yule halali kwa ajili ya Taj Mahal, ambayo nikasikia ni kaburi la mke. Wallahi mie nikimwambia mama watoto namjengea kaburi zuri, usiku huo nalala msikitini. Mwingine anataka piramidi za Misri. Na kwenye orodha hiyo, sijui kaiandika nani, siye tumo. Mji Mkongwe wa Zanzibar. UNESCO wametutia kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Sawa, tumepokea. Lakini hakuna aliyepita kuniuliza mie ninayelala humo ndani.

Nyumba yenyewe ya kupanga. Ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, ukipiga msumari ukatundike kalenda ukuta wote unakumwagikia kichwani. Dari imebebwa na boriti za mikoko. Sasa mkoko hauna urefu, boriti zake fupi, na wazee wakajenga vyumba kwa kipimo cha boriti. Virefu lakini vyembamba. Mgeni akiingia anatazama juu, anasema "aaah". Mie natazama chini, nalitafutia kabati mahali. Kabati letu limekaa ukumbini toka tulipohamia, na kulifungua lazima mtu mmoja atoke nje kwanza. Masika yakianza ndo usiseme. Ndoo, sufuria, beseni la mtoto, vyote vinakinga. Urithi wa dunia ni wa walimwengu wote, ila sehemu inayovuja nimerithi peke yangu.

Hayo nayamudu. Kinachonimaliza ni mlango.

Mlango wetu wa kuchonga. Maua juu, minyororo ubavuni, misumari mikubwa ya shaba yenye ncha. Nasikia huko India misumari ile iliwekwa kuzuia ndovu wasibomoe milango wakati wa vita. Hapa Unguja hatujawahi kuvamiwa na ndovu. Tunavamiwa na watu wenye kamera, na misumari haiwazuii hata kidogo.

Jioni moja nimekaa barazani kwangu, mguu juu, napunga upepo. Kaja kijana wa Kizungu na kamera ndefu. Akaniashiria kwa vidole viwili. Sogea. Nikasogea. Akaniashiria tena. Nikasogea. Mtu mstaarabu huwezi kugombana na mgeni, nikasogea mpaka nikajikuta nimekaa baraza ya jirani, ambaye tuna ugomvi naye wa maji machafu. Jirani akatoka. "Umekuja kuomba radhi?" Nifanyeje? Nikaomba radhi.

Kesho yake akaja bibi mtu mzima, na yeye kamera. Huyu akanirudisha! Alitaka picha yenye mwenyeji. Lakini jezi ya Arsenal nivue, nivae kanzu na kofia ya kiua. Kanzu iko kwa dobi. Kofia akaniazimia ya muuza kahawa, kichwa cha muuza kahawa kidogo, nikabanwa mpaka machozi yakanitoka. Bibi akafurahi, akadhani nimeguswa moyo.

Picha ya yule kijana nilikuja kuiona baadaye, mtoto wa jirani kanionesha kwenye simu. Mlango umetoka wote, misumari inang'aa. Pembeni umeingia mguu wangu mmoja na lapa lake la bluu. La pili lilikuwa jekundu, halikuingia, hapo nikamshukuru Mungu. Watu kutoka dunia nzima wameusifu mlango. Mmoja tu ndo kautaja mguu. Kauliza kama kuna programu ya kuufuta.

Halafu kuna huyu Freddie. Binti mmoja alinisimamisha njiani Shangani, fulana yake ina picha ya mtu wa masharubu. Anataka nyumba ya Freddie. Mie nikajua ni mwenye gesti. Nikamwambia Freddie sijamtia machoni siku nyingi, huenda kasafiri, nikimwona nitamwambia umemuulizia. Binti akaanza kulia. Nikaingiwa na woga, nikadhani huyo Freddie kaondoka na pesa zake. Kumbe kafariki toka 1991! Kijana wa duka la vinyago ndo kanifungua macho: mwimbaji wa Queen, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Unguja wa mwaka 1946, wazazi wakahamia naye Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Na makumbusho yake yapo Barabara ya Kenyatta, yamefunguliwa 2019. Mie napita pale kila uchao kufuata mkate. Masharubu yote yale ukutani, nikadhani ni kinyozi.

Basi haya nilikuwa nayameza kimyakimya. Ndo akaja baba mkwe.

Baba mkwe ni mwalimu mstaafu wa historia, anakaa Tabora. Kafundisha habari za Unguja miaka na miaka na hajawahi kuiona hata kwa mbali. Ndoto yake ndo hiyo, kama wale wa Paris. Akashuka kwenye boti pale Malindi na koti la suti, jua la saa saba, na kidaftari mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Tuanze na Beit el-Ajaib. Chakula baadaye."

Mama watoto akadakia, "Baba usihofu, mkweo kazaliwa hapahapa, anajua kila jiwe." Nikamtazama yule mwanamke. Ninachojua mie ni urojo mzuri unauzwa wapi, na nani anamdai nani.

Tukafika Forodhani. Beit el-Ajaib, mabati matupu. Ndugu zangu mnajua, upande mzima wa jengo ulianguka Desemba 25, 2020, lilipokuwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hili ndilo?"

"Ndilo, baba."

"Liko wapi?"

"Nyuma ya bati, baba."

Nikamtafutia tundu achungulie. Tundu liko chini. Mzee wa watu kainama na koti lake, akakaa vile muda mrefu, mie nimemshika kiuno asianguke. Alipoinuka ndo somo likaanza. Mbele ya bati! Kwamba Sultani Sayyid Barghash kalijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe tu, si la kulala mtu. Kwamba ndilo la kwanza hapa Unguja kuwashwa taa za umeme, na lifti ikatiwa humo wakati Afrika Mashariki hakuna aliyejua lifti ni kitu gani. Mie nasikiliza kwa uchungu. Kwangu ngazi zote za mbao, ya katikati imevunjika, na luku imeisha toka asubuhi.

Akaingia kwenye vita. Agosti 27, 1896. Sayyid Khalid kakalia kiti bila idhini ya Waingereza, manowari zikapiga kasri kutoka pale baharini, na baada ya dakika kama 38 kila kitu kimekwisha, ndiyo vita fupi kuliko zote zilizoandikwa. Dakika 38! Mie na mama watoto tukianza habari ya nani kamaliza gesi, dakika 38 bado tuko kwenye utangulizi.

Kugeuka nyuma, watalii wamejaa. Wametega masikio, kuna mmoja anawafasiria wenzake. Wanamsikiliza mwalimu, mie nimeshika koti na mwavuli. Akatokea mtembezaji mwenye kitambulisho chake shingoni, akanivuta pembeni. "Wewe papasi, huoni haya? Unamtembeza mzee juani umchukulie chake?" Nikamwambia ni baba mkwe wangu. "Ndo mnavyosema wote," akanijibu. Na watalii wakampa mwalimu pesa! Akazikataa kwa heshima. Akawaambia mpeni kijana huyu aliyenibebea koti. Nikapokea. Ningefanyaje, kitoweo cha jioni hakikuwepo.

Mkunazini kidogo hali ikabadilika. Kanisa lile la Kianglikana limejengwa palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Ndani zipo nguzo zilizosimama kichwa chini miguu juu, wanasimulia kuwa mafundi walizipandisha hivyo Askofu Steere akiwa safarini, aliporudi akaziacha. Hapo nilitaka kucheka, nimeishi na mafundi wa aina hiyo. Lakini mwalimu hakuwa na habari na nguzo. Alitoka nje kwenye yale masanamu ya watu waliosimama shimoni na minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Akatazama uso mmoja, akahamia wa pili. Hakufundisha kitu, daftari limo mfukoni. Mwisho akasema, "Njia yao ilipita kwetu," basi. Tabora ile, misafara ya watumwa ya kina Tippu Tip ilikuwa inatua pale.

Na katika kimya kile simu yangu ikalia. Mlio ni singeli, kauweka mtoto. Kuizima siwezi, kioo kimepasuka upande wa kuzimia. Nikakimbia nayo mpaka njia ya Darajani ikiwa inaimba. Aliyepiga ni mama watoto, anauliza tunaendeleaje.

Siku ya pili kisiwa cha Changuu. Boti ya mashine, si mbali, watoto wanakwenda na kurudi wanacheka. Mie mtu wa kisiwani, babu yangu mvuvi, baba yangu mvuvi, nikatapika kabla Mji Mkongwe haujapotea machoni. Mtu wa Tabora kakaa omoni anamenya chungwa. Ananiuliza kama nataka kipande.

Kule kuna jela. Kaijenga Lloyd Mathews, yule Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa Sultani, miaka ya 1890. Jela haikufunga mfungwa hata mmoja, wakaigeuza karantini ya wasafiri wa meli waliodhaniwa wana maradhi. Pesa imetoka, jengo limesimama, kazi haipo. Mwalimu kashangaa sana. Mie hiyo ndo sehemu pekee ya historia niliyoielewa bila kufafanuliwa.

Lakini wenyewe wa Changuu ni kobe. Wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, zawadi. Kobe mkubwa, ganda limeandikwa umri kwa rangi, wengine wamepita miaka mia zamani. Ana kivuli. Ana maji. Mtu kutoka Ulaya kapiga magoti anamlisha majani kwa mkono na anamkuna shingo, na kobe anaipandisha shingo juu taratibu, macho kafumba, kakunjua mikunjo yote. Nimekaa katika ndoa yangu sijawahi kukunwa hivyo. Nikamsogelea nipige naye picha. Mfanyakazi akaniwahi: "Wewe, sogea, unamzibia." Nikasogea. Kobe akanikanyaga kidole. Yeye haharakishwi, nikasubiri mpaka amalize kupita.

Jioni tukarudi Forodhani kula. Mwalimu kaagiza mishkaki, kaagiza pweza, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, halafu ile pizza ya Zanzibar ya kukunja na mayai ndani. Muuzaji alianza kututajia bei kwa dola. Nikamwambia bwana we, mie wa hapa. Akaniambia, "Wa hapa nawajua wote." Nikamtajia mtaa, nikamtajia imamu wa msikiti wetu, nikamtajia mpaka yule jirani wa maji machafu. Akamgeukia mwalimu, mgeni wa siku mbili na suti, akamwambia, "Mzee wewe utalipa bei ya wenyeji, mwenzio ndo simfahamu." Nililipa, hela ile ile ya kubebea koti, na ikapungua.

Nilidhani yamekwisha. Usiku nimelala ukumbini, ubavu mmoja kwenye kabati, maana chumba kampisha mgeni mama watoto bila kuniuliza. Nikamsikia mwalimu anaongea na simu. Anaongea na wastaafu wenzake wa Tabora. "Njooni, malazi yapo. Mkwe wangu anaishi ndani ya urithi wa dunia, nyumba ina mlango mashuhuri, watu wanaupiga picha. Na nafasi? Nafasi tele, vyumba virefu kweli kweli!"

Hakusema vyembamba.

Wanakuja mwezi wa saba, wanataka kwenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, na mwalimu keshawaahidi kuwa huko mie ndo nitawaeleza kila kitu, mwanzo mpaka mwisho. Sasa nakuuliza wewe, taratibu, mama watoto asisikie. Unajua chochote cha Mwaka Kogwa? Kwamba wanaume wanachapana kwa migomba, hilo nalijua. Mkwe na yeye anachapwa, au kuna anayesamehewa?