Herufi ya Mwisho

Kwa wiki mbili niliwachosha watu wa nyumbani kwa habari za prosesa. Kompyuta yetu ilikuwa na Ryzen 3 2200G ya mwaka 2018, na ilifika mahali ukifungua picha za harusi unakwenda kukoroga uji, unarudi, bado inawaza. Nikaenda Kariakoo. Muuzaji akaniwekea vijisanduku viwili mezani: Ryzen 5 5600 na Ryzen 5 5600G. Bei zimepishana shilingi 5,000.

"Zote moto, bosi," akasema, akarudi kwenye chapati yake.

Mimi ni mtu wa hesabu, "zote moto" hainitoshi. Nyumbani nikachora jedwali nyuma ya daftari la madeni. Kori 6 huku, 6 kule. Kasi ya juu gigahezi 4.4, zote mbili. Kache sasa: isiyo na G megabaiti 32, yenye G 16. Nikapiga meza. Yule bwana alitaka kuniuzia nusu kwa bei ya nzima!

Mke wangu akauliza kwa upole, "Na hiyo G ni ya nini, baba?"

Nikamwambia ni urembo tu wa kampuni, kama "Super" kwenye pakiti ya sabuni ya unga.

Nikarudi nikanunua isiyo na G, na Jumamosi nikaanza kazi. Kwanza kusasisha BIOS, maana bodi yetu ya zamani isingeitambua prosesa mpya bila hivyo, na umeme ukikatika katikati ya shughuli hiyo bodi inaweza kufa. Dakika zile niliitazama taa ya sebuleni kama mgonjwa anavyomtazama daktari aliyeshika majibu. Haikuzimika. Nikajiona fundi.

Kumbe ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na feni, kwa miaka yote hiyo, imeshakuwa gundi. Nikavuta feni, ikagoma. Nikavuta kwa bismillahi, ikaja na prosesa imening'inia chini yake, imeng'oka kwenye soketi kama jino. Ina miguu 1,331, myembamba kuliko sindano, na ya pembe moja ilikuwa imelala kama mpunga baada ya mvua.

"Haina neno, si ya zamani hii," nikasema, nikaibandua na kuitupia kwenye mkebe wa penseli wa binti yangu.

Nikaweka mpya, nikawasha. Feni ikazunguka, taa zikawaka, skrini nyeusi tii. Nikabadili waya. Nikachomoa ramu nikazifuta kwa shati. Nikahamia plagi nyingine ya ukutani, jambo ambalo hata wakati nalifanya nilijua halina akili. Saa mbili nzima zikaniishia chini ya meza.

Binti yangu, wa darasa la tano, akaja kutafuta kichongeo. Akaokota ile prosesa mkebeni, akaifuta kwa pindo la sketi, akasoma.

"Baba, hii ina G. Yako ina G?"

Yenye G ndiyo inayobeba sehemu ya kutengeneza picha ndani yake. Isiyo nayo hutegemea kadi ya picha ya pembeni, na humu ndani haijawahi kuingia kadi ya picha. Kompyuta yangu ilikuwa nzima kabisa, yenye nguvu, inafanya kazi gizani.

Usiku ule nikaketi kunyoosha miguu ya prosesa ya zamani kwa ukingo wa kitambulisho cha NIDA, mmoja baada ya mwingine, mke wangu amenishikia tochi ya simu bila kusema neno. Ukimya wake ulikuwa na kache ya megabaiti 32. Saa saba usiku skrini ikawaka, na picha za harusi zikaanza kufunguka, polepole, kuanzia kichwani.

Jumatatu nikarudi Kariakoo na kijisanduku changu mkononi.

"Za G zimeisha, bosi," akasema yule muuzaji. "Ila kadi za picha zipo."

Akanitajia bei. Ilikuwa inaizidi ya prosesa. Nikamwomba kiti.