Daftari la Bao la Rugera

Wanyama wa Rugera walikuwa na mchezo mmoja wa bao, kila mmoja akiucheza mahali pake. Kiboko alicheza kando ya mto Kagera, Nyani msituni Rumanyika, Korongo huko Ibanda. Kete ikisogezwa, shorewanda aliruka kumwarifu Mzee Kobe, naye aliandika daftarini nani kapata ng'ombe na nani kauza. Ng'ombe hao waliishi karatasini tu, lakini walipatikana kwa kukesha, na jasho ni jasho.

Wachezaji wakazidi, shorewanda wakajipanga foleni mlangoni kwa Kobe. Omukama, fahali wa Inyambo, akaita baraza.

"Mtukufu," akasema Tumbili, "nitahamishia yote kwenye daftari jipya leo hii, mchezo ukiendelea."

"Daftari jipya twalihitaji," akasema Kobe. "Ila kwanza tuandike kote kuwili mwezi mzima, tulinganishe. Usiku wa kuhama mchezo usimame, na la zamani tulitunze."

"Usimame?" Fisi akaangua kicheko. Baraza likacheka naye, rubisi ikazungushwa.

Tumbili akaanza adhuhuri. Alikwisha kunakili ukurasa wa Nyani pale Nyani alipomuuzia Kiboko ng'ombe. Ukurasa wa Kiboko ukafuata, na ng'ombe mmoja akawa na wenyewe wawili. Korongo, aliyenunua fahali wa Fisi kwa chumo la miaka mitatu, ukurasa wake ulikuwa umenakiliwa kabla, wa Fisi ukanakiliwa baadaye. Fahali hakuonekana kokote. Jioni Tumbili akalichoma daftari la zamani, akapigiwa makofi.

Misukosuko ya mabadiliko huwapata hata wakubwa. Oktoba 2021 kampuni ya Blizzard iliweka sasisho la kuboresha mchezo wake wa kompyuta, Diablo II: Resurrected, kesho yake wachezaji wakafurika, kanzidata kuu ikazidiwa, sasisho likaondolewa.

"Leteni nakala ya akiba!" akanguruma Omukama makosa ya Tumbili yalipojulikana.

Ilikuwapo ghalani. Kila mwaka baraza lilisomewa kwamba ipo, na hakuna aliyewahi kuifungua. Swala akaifungua, mchwa wakamwagika.

Kobe akasimamisha mchezo. Akawaita shorewanda wote, kila mmoja akakariri habari alizopeleka tangu ya kwanza, naye akaziandika upya kwa mfuatano wake. Kazi ilikula masika nzima. Habari ya fahali wa Korongo ilikuwa imebebwa na shorewanda aliyeliwa na mwewe. Korongo akasimama mbele ya baraza akadai haki yake, na Omukama akamfungulia zizi lake mwenyewe achague.