Ndugu Mwenzekiti

Laptopu yangu ni Mjerumani. Niliinunua Mwanjelwa kwa bei ambayo sipendi kuitaja mbele ya watu wenye laptopu mpya, na muuzaji akaniapia kwamba imetoka Ulaya ikiwa nzima kabisa. Hakudanganya. Alichonyamazia ni kwamba Wajerumani, kwenye kibodi zao, mahali pa Y wameweka Z, na mahali pa Z wameweka Y.

Fundi aliirekebisha ndani, vibonye vya juu vikabaki vilevile. Anayeandika bila kutazama vibonye anapona. Mimi ni wa kutazama. Na kwa lugha yetu hii, isiyopita mistari miwili bila ya, za, yangu na zake, ni balaa tupu: mazao ya wakulima yanageuka mayao za wakulima, na nyanya za Iringa zinafika sokoni zikiwa nzanza ya Iringa. Ripoti yangu ya kwanza kwa chama kimoja cha wakulima ilianza na “Ndugu Mwenzekiti”. Mwenyewe, mzee mstaarabu sana, aliwasomea wajumbe herufi kwa herufi, bila kutabasamu. Hadi leo wanamwita hivyo. Mtu ukikumbuka kwamba Wahehe wa Mkwawa waliwatwanga Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, unaona aibu kuingia Iringa umeshindwa na herufi zao mbili.

Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya vikundi, na vikundi vyenyewe vimetapakaa kando ya barabara ya TANZAM. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo ofisi ni siti ya basi, ya dirishani nikiwahi.

Diski ya mashine hii ni ile ya kizamani, sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake bila kuigusa. Sasa ipitishe hiyo kwenye matuta ya Uyole, ya Igurusi, ya Chimala. Basi likiruka tuta, kichwa kinakimbilia pembeni kujiokoa, kioo kinaganda, na kile kiduara kinaanza kuzunguka. Nimewahi kuimaliza Igurusi yote nikisubiri neno “jumla” litokee.

Umeme ndio usiseme. Mabasi ya siku hizi yana tundu la chaji kila siti, na jirani yangu huniambia nina bahati. Tundu lile ni la simu, volti 5. Chaja yangu inataka 19. Betri nayo imezeeka vibaya. Kwenye joto la Usangu inajigamba ina asilimia 40. Tukishapanda Makambako, baridi ikipenya dirishani, inaruka kutoka 31 hadi 6 bila kusimama kati. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na wasomi wengi wameilaumu kwa hilo. Mimi nikifika Makambako huwa sina neno la kuilaumu.

Lakini yote hayo nayavumilia. Shida hasa ni kwamba ukifungua laptopu ndani ya basi, imeshakuwa ya basi zima. Safari moja nilikaa na mama wa makamo aliyepandia Igurusi, mchele wake umejaza buti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo inapiga hesabu?”

Nikasema inapiga. Basi niwekee magunia kumi na manne, toa ushuru, toa nauli ya mzigo, toa ya wapakiaji. Baba wa siti ya nyuma akainamisha kichwa katikati yetu: mama, na hela ya viroba? Mama akakiri, viroba kavisahau. Tulipofika Igawa nilikuwa na jedwali lenye safu inayoitwa “deni la shemeji”, na watu wasiopungua wanne wakibishana kama shemeji ahesabiwe kuwa hasara.

Nikarudi kwenye kazi yangu. Mama hakurudi kwenye yake. Macho yakabaki kwenye kioo.

“Hawa ni wa Ifunda?”

“Ndiyo, mama, lakini hizi ni siri za kikundi.”

“Sawa, siri. Huyu namba saba hajalipa ada tangu mwaka jana?”

Nikainamisha kioo kidogo. Akainama nacho.

“Ni jirani wa mdogo wangu huyu. Juzi katoa pikipiki mpya dukani.”

Kabla sijajibu alikwishapiga simu, spika wazi. “Kamwene! Niko kwenye gari hapa na mhasibu wenu. Ndiyo, kashika kompyuta. Kuna jina lako humu, lina rangi nyekundu.” Nyekundu haikuwepo, aliibuni hapo hapo, na sikumsahihisha. Konda akapunguza muziki ili wa nyuma wasikie.

Betri ikazima Mafinga, palepale nilipoipata namba ya kulipia. Baba wa nyuma akanipa kalamu, nikaiandika namba kwenye kisogo cha tiketi, mama akaisoma kwenye simu kwa sauti ya tangazo. Hatujafika Ifunda, ujumbe wa malipo ukaingia: ada ya mwaka mzima, na ya kutolea juu.

“Na yule namba kumi na moja nilimwona kabla haijazima,” akasema mama, akichomeka simu yake kwenye lile tundu. “Huyo namjua hadi mama mkwe wake.”