Sifa za Diski Inayokufa

Diski kuu inayoharibika ndani ya seva ya nyumbani haijapata kuimbiwa. Katika pakruok, Mjaluo humkatiza mwanamuziki, akatoa pesa, kisha akajisifu na kuwasifu marafiki zake mbele ya umati. Hapo kila kitu chenye jina hupata zamu yake, isipokuwa diski. Dhuluma hiyo yafaa ikomeshwe, kwa maana ndani ya sanduku lile lililosukumwa chini ya meza ya runinga, diski inayokufa ndiyo pekee inayosema kweli.

Nasaba yake ni ya heshima. Babu yake alitolewa na IBM mwaka 1956, kabati zima lenye sahani 50, kila moja na kipenyo cha inchi 24, ili kubeba herufi milioni 5 tu. Mjukuu hutosha kiganjani na hubeba terabaiti kadhaa. Sahani zake huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa cha kusomea kikielea nanomita chache juu yake. Chembe ya moshi hapo ni mlima. Ajabu si kwamba kiumbe huyo hufa, bali kwamba huamka kila asubuhi.

Miji ya Homa Bay na Migori, magharibi mwa Kenya, imemwongezea majaribu. Mawingu ya wadudu wadogo wa Ziwa Victoria hufuata taa hadi ndani na kuziba feni za seva, na joto likapanda. Upande wa Migori kazi hiyo hufanywa na vumbi. Kisha kuna stima. Tarehe 25 Agosti 2023 giza liliikumba karibu Kenya nzima, lakini diski haikuhitaji siku kubwa kama hiyo ili kufunzwa: kila umeme unapokatika ghafla, hutumia mzunguko wa sahani zake kama jenereta ndogo, ikapata nguvu ya mwisho ya kurudisha vichwa mahali salama. Mwenye nyumba wakati huo bado anatafuta tochi.

Sifa yake kuu ni kutoa taarifa. Sekta ikioza, diski huiacha na kuhamishia kazi kwenye sekta ya akiba, bila kulalamika, ila idadi huiandika katika daftari lake la ndani, ambalo programu za SMART hulisoma. Watafiti wa Google waliochunguza diski zaidi ya 100,000 walieleza mwaka 2007 kwamba baada ya kosa la kwanza kuonekana katika ukaguzi wa sahani, uwezekano wa diski kufa ndani ya siku 60 ulipanda mara 39. Hiyo ni notisi ya kuacha kazi, na hata binadamu hudaiwa yake: Sheria ya Ajira ya Kenya humdai mfanyakazi wa mshahara wa mwezi notisi ya siku 28. Ni kweli pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa katika uchunguzi huo hazikuwa na alama yoyote katika vipimo vinne vyenye uzito. Basi ile inayokwaruza na kugonga tik-tik usiku kucha isitukanwe. Ni muungwana miongoni mwa watoro.

Pia hufunza kupanga. Mbele yake mtu huacha kuwasha na kuzima, huacha kuandika chochote kipya, na hulazimika kuamua kipi kiokolewe kwanza. Kwa fundi wa video, matanga na harusi za wateja hutangulia, maana hazirudiwi. Filamu zitapatikana tena. Programu ya ddrescue hunakili sehemu zilizo nzima kwanza, ndipo irudie zile zilizoumia. Dawa ya kuiweka diski kwenye friza ni uganga tu, na mvuke unaoganda juu ya sahani ndio malipo yake.

Kiburi nacho huvunjwa. Tangu Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley walipoieleza RAID, mpango wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, mwaka 1988, wengi huamini kuwa diski nne pamoja hazifi. Huzinunua siku moja, kutoka katoni moja, zikazeeka pamoja. Moja ikianguka, mbadala huagizwa Nairobi na kufika kwa parseli ya basi la usiku. Kisha zilizobaki husomwa mwanzo hadi mwisho kwa saa nyingi ili kuijaza, na hapo ndipo ya pili hupenda kufa. Asiyelinganisha namba iliyoandikwa kwenye diski na ile iliyo kwenye skrini huchomoa iliyo nzima. Tena faili iliyofutwa kwa bahati mbaya hufutika kote papo hapo. Ni diski mbovu inayompeleka mwenye seva ya Migori kwa shemeji wa Homa Bay kuomba nafasi ya nakala ya pili, kwani radi moja haipigi miji miwili.

Maziko yake ni mafupi. Sura za wateja zimo ndani, na Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitofautishi diski nzima na mbovu. Kwa hiyo hufutwa ikiwa bado inasikia, au hutobolewa kwa drili. Sumaku zake za neodimiamu hutolewa kwanza: zina nguvu ya kuning'iniza bisibisi za karakana, na ya kubana vidole vya mwenye haraka.