Kwa Heshima ya Stata Inayochagua Siku

Betri ikifa imekufa. Unazungusha ufunguo, taa za dashibodi zinafifia, unamwomba jirani mwenye nyaya akubusti, na mambo yamekwisha. Ubovu wa namna hiyo hauna siri wala haya. Hata konda wa daladala ataubaini akiwa bado ananing'inia mlangoni. Sina muda nao. Leo nataka kuisifu stata inayochagua siku: ile inayowasha gari Jumatatu kwa mguso mmoja, Jumanne vilevile, Jumatano ikanyamaza uani kwa wakwe, halafu Alhamisi ikarejea kazini kama mtumishi aliyekuwa likizo ya halali.

Adabu yake mbele ya wenye ujuzi haina mfano. Gari limekugomea asubuhi nzima, umelivuta kwa kamba mpaka gereji, fundi umeme anafuta mikono kwa tambara, anaingia, anazungusha ufunguo: linawaka. Anazima, anajaribu tena. Linawaka. "Bosi wangu, mbona liko poa?" Vijana wa gereji wanakutazama kwa ile huruma wanayowawekea wateja wanaodai kusikia sauti. Ubovu mwingine humuumbua fundi. Huu humlindia jina lake, na anayebaki na maswali ya kujibu ni mwenye gari.

Tunaambiwa tumshukuru Charles Kettering wa Dayton, Ohio. Kabla yake dereva alisimama mbele ya gari akizungusha mpini wa chuma, na injini ikipiga kinyume, mpini uliondoka na kifundo cha mkono wake. Cadillac za mwaka 1912 zikatoka kiwandani na stata yake ya umeme, mikono ikapona. Sawa, tumshukuru, lakini bwana huyo alipunguza pia ujirani. Mtu akawa anatoka kwake, anawasha, anaondoka, hamjui hata kijana anayeuza vocha pale kona. Stata yangu imelirekebisha hilo. Namjua muuza vocha, namjua mama wa mihogo, na bodaboda wote wa kijiwe wananiita kwa namba ya gari. Wakiona nimeshusha kioo na kuingiza gia ya pili, wanakuja bila kuitwa. "Achia, mzee, achia!" Naachia klachi, gari linaruka, linakohoa, linawaka, nami naondoka nikipunga mkono dirishani, maana kusimama ili nitoe hela ya soda ni kucheza kamari.

Wenye otomatiki wamenyimwa baraka hiyo, kwani gari lao hata mkilisukuma mpaka Kibaha haliwaki. Wao wamepewa ibada ya faragha: kutoa gia kwenye P, kuipeleka N, kuirudisha, kubana pumzi, kujaribu tena. Nayo si ushirikina. Katika magari hayo, umeme wa kuiamuru stata hupitia swichi iliyounganishwa na gia, na swichi hiyo ikichakaa haiamini kwamba uko P mpaka uitikise kidogo.

Halafu kuna elimu ya masikio, ambayo hakuna chuo kinachoitoa kwa ada nafuu hivi. Kimya kitupu huku taa za mbele zinawaka kwa nguvu? Amri haijafika: tazama swichi ya ufunguo, relei, au ule waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi. Tik-tik-tik za haraka, taa zikichezacheza? Betri imechoka, au temino zimeota unga. Ukisikia kitu kinazunguka bure kwa mlio mwembamba, kigia cha stata hakijauma meno ya flaiwili. Lakini sauti ya kiungwana kuliko zote ni "tak" moja, nzito, kisha basi. Hiyo ni solenoidi. Ina kazi mbili kwa mpigo: kukisukuma kile kigia kikakamate flaiwili, na kuvigandamiza vipande vya shaba ndani yake ili umeme mkubwa wa betri upite kwenda kwenye mota. Umesikia "tak", ujue imesukuma. Umeme mkubwa ndio haukupita.

Na kwa nini leo usipite na jana ulipita? Hapa ndipo ninapovua kofia. Ile sahani ya shaba inayogusa vipande viwili hujizungusha kidogo kila inapofanya kazi, na uso wake umeliwa upande mmoja na cheche za miaka. Likija eneo zima, unaondoka. Likija eneo lililoliwa, unabaki. Kaboni za mota nazo zikiisha, inategemea mota ilisimamia wapi mara ya mwisho. Kwa hiyo safari yako ya leo asubuhi iliamuliwa jana jioni ulipowasha gari kwa mara ya mwisho, na wewe ukala ugali ukalala bila habari.

Mita ya fundi haifui dafu hapo. Betri imelala na volti 12.6, safi kabisa. Stata ikizunguka, volti zisishuke chini ya 9.6 hivi, hazishuki. Waya mnene usipoteze zaidi ya nusu volti, haupotezi. Vipimo vyote hivyo vina maana pale tu gari linapokataa, nalo halikatai mbele ya mita. Fundi anayejua kazi atakwambia uliache hapo, likatae mbele yake. Fundi mwenye njaa atakwambia ni betri.

Ndipo inapoonekana huruma ya stata hii kwa uchumi. Unanunua betri mpya: gari linawaka wiki nzima, unamsifu muuza betri. Linagoma. Unabadili temino, unamwagia maji ya moto zile zilizobaki: linawaka, unamsifu aliyekushauri. Linagoma. Relei, halafu swichi ya ufunguo, halafu waya wa ethi unaoshika bodi. Kila asiye na hatia anang'olewa, na kila mara gari linapona kwa siku kadhaa ili fundi alipwe bila kuona aibu. Nenda Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, uone ni familia ngapi zinakula kwa vifaa vilivyonunuliwa badala ya vingine vilivyokuwa vizima.

Tena stata hii inapenda hadhira. Asubuhi, injini ikiwa baridi, mara nyingi hukosi. Ikishapata joto la foleni, nyaya na shaba zikaongeza ukinzani, inasubiri uzime kwenye pampu ya mafuta nyuma yako kukiwa na lori. Pahali pake hasa ni kwenye pantoni la Kigamboni: ngazi imeshushwa, waenda kwa miguu wametoka mbio, magari yote yameunguruma, la mbele yako limeshaondoka, na wewe una "tak". Honi unazopigiwa hapo hata bwana harusi hajawahi kupigiwa.

Dawa yake ya muda ni spana. Mtu anapita chini ya gari, anaigonga stata mara mbili kwa nguvu ya wastani, mwenzake anawasha. Mara nyingi inaitika, kwa kuwa mshtuko huzirudisha kaboni zilizokwama zikagusa mota tena. Wapo wanaotembea na spana hiyo chini ya siti mwaka mzima, na wake zao wameshafundishwa pa kugonga.

Kuitibu kabisa ni kuishusha stata, kuifungua solenoidi, na kubadili vile vipande vya shaba vinavyoenea kiganjani. Katika magari mengi ya Kijapani vinauzwa peke yake. Sishauri mtu akimbilie huko. Asubiri kwanza auze gari, kwa sababu hakuna ubovu unaomheshimu dalali kama huu. Mnunuzi anazungusha ufunguo, linawaka. Anazima, anawasha, linawaka. Dalali anapiga boneti kofi na kuapa kwamba gari halidai hata bolti. Na mnunuzi akiuliza kwa nini limeegeshwa mteremkoni, pua ikiangalia chini, anajibiwa kwamba kivuli cha mwembe kiko upande huo.