Mwongozo kwa Mwenye Adabu Anayehamia Mtendeni

Watu wasio na adabu hawauhitaji mwongozo huu. Wao hushuka Tabora asubuhi, na kufikia adhuhuri wamekwisha kuwa wenyeji wa mtaa wa Mtendeni. Umeandikwa kwa ajili yako wewe uliyelelewa na bibi mwenye kucha ndefu, aliyekufinya paja kila ulipopita mbele ya watu wazima kimya kama ng'ombe. Pole sana. Mafunzo yale yatakuponza, na ni heri uonywe mapema.

Tuanze na salamu, maana ndipo wengi wanapoumbuka. Usizimalize. Umeamkaje, za nyumbani, watoto hawajambo, huko kwenu mvua imenyesha, halafu mnarudia upya kwa Kinyamwezi kuanzia "mwangaluka": hayo yote yaache huko huko ulikotoka. Siku hizi mtu akikwambia "niaje" amekupa heshima kamili. Mwenye duka akiinua nyusi bila kuondoa macho kwenye simu, hesabu kwamba umekaribishwa, taja unachotaka, lipa, ondoka. Ukimuuliza za nyumbani atashtuka, atadhani unataka kukopa.

Na ukimwamkia mzee, usisimame kusubiri marahaba. Utasubiri sana. Mzee naye yuko kwenye simu. Mjukuu amemtumia video ya mtu aliyeanguka kisimani, na anaitazama kwa mara ya pili. Nasema hivi kwa sababu vijana wamebebeshwa lawama yote ya jambo hili peke yao, na si haki. Shikamoo ina ncha mbili. Mtoto aliyeamkia mara kumi akaitikiwa mara mbili, ya kumi na moja atapita kimya, na hapo ndipo mzee atakapoinua kichwa na kuuliza mtoto huyu ni wa nani.

Ili usidhani salamu ndefu zilikuwa upuuzi wa watu wasio na kazi, kumbuka mji huu ni wa wageni tangu asili. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walipoweka makazi Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, njia ya kutoka Bagamoyo ilifika hapa ikagawanyika: huku Ujiji, huku Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita na pembe na vitambaa. Watu wa Manyema waliletwa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wengi wao bila kuulizwa hiari yao. Katika mji ambao jirani yako ulimwona kwa mara ya kwanza juzi, salamu ilikuwa ukaguzi wa heshima. Unatoka wapi, umemwacha nani njiani, vita iko wapi, ndui iko wapi, chumvi inauzwaje. Ulipomaliza kuitikia "salama" ya nane, mwenyeji alikuwa ameshajua akupe kitanda au afunge zizi.

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh Novemba 1857, wakapokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Burton hakuwa mtu wa kusifu. Kalamu yake iliwakejeli watu wa njia nzima tangu pwani. Lakini alipofika kwa wenyeji wake wa Kazeh aliwasifia ukarimu. Ila na wewe usisome sifa hizo ukajisahau. Nyumba zilizomkaribisha mgeni kwa heshima ziliendeshwa kwa kazi ya watumwa. Adabu ile ilikuwa na mipaka, na mipaka yake ilikuwa ya minyororo. Kwa hiyo mtu akikwambia zamani watu walikuwa wanaheshimiwa, muulize kwa upole: watu gani?

Tuendelee. Hodi. Bibi yako alikufundisha kupiga hodi mara tatu, usipojibiwa urudi zako bila kinyongo. Fanya hivyo Mtendeni na utaambiwa una maringo. Ndani televisheni inanguruma, hakuna anayekusikia, utaondoka na heshima yako, na jioni utapigiwa simu ya lawama: "Ulikuja ukaondoka? Si ungepiga simu?" Utaratibu wa sasa ni kusimama barabarani, kumpigia mwenye nyumba na kusema "nipo nje." Mwenye pikipiki hata simu hapigi, anapiga honi mpaka mlango wa tatu ufunguliwe na mtu asiyehusika.

Karibu chakula: itikia "starehe" na upite haraka. Aliyekukaribisha ameshafunika sahani kwa kiganja.

Kwenye bajaji usijifanye husikii. Abiria aliyeketi karibu nawe amefungulia spika ya simu makusudi, na kabla ya kufika sokoni utakuwa umejua nani ameacha mke, kwa nini, na vyombo vimegawanywaje. Kosa kubwa ni kutazama pembeni kwa aibu. Utaonekana mmbeya.

Siku moja utaamka na kukuta umeingizwa kwenye kundi la WhatsApp na namba usiyoijua. Ni harusi. Ya nani, utajua baadaye. Zamani mama mmoja mwenye ulimi mzuri alizunguka nyumba kwa nyumba, akaketi, akanywa maji, ndipo akataja siku. Ukikataa, ulimkatalia mtu aliyeketi kwenye mkeka wako. Sasa jina lako linawekwa kwenye orodha, namba 47, mbele yake pengo. Kila jioni mweka hazina anaituma orodha upya "kwa upendo mkubwa", na pengo lako linasomwa na watu mia mbili. Usijitoe kwenye kundi. Ukijitoa, WhatsApp itamnong'oneza kiongozi wa kundi, naye atatangaza. Ahidi kiasi kidogo, kisha ulipe nusu, hivyo ndivyo waungwana wanavyofanya.

Nikufikishe sasa msibani, ambako mwenye adabu hupata hasara kubwa kuliko popote.

Habari ya kifo ilikuwa na njia yake. Alitafutwa mtu mzima, akaenda kwa ndugu wa karibu, akaketi, akaanza na habari nyingine, akasema fulani anaumwa sana, akazunguka hivyo mpaka mwenye kufiwa akaelewa mwenyewe. Siku hizi mtoto aliyeko Dodoma anajua babake amefariki kwa kuona picha ya marehemu na mshumaa kwenye stetasi ya mpangaji. Makaburini utaona mikono imeinuliwa. Usidhani wote wanaomba dua, wengine wanarekodi. Ukimgusa mmoja bega kumwambia ashushe simu, yeye atakuona wewe ndiye uliyemvunjia heshima, na huenda ukaonekana kwenye hiyo video.

Halafu, katikati ya kilio, atatokea mtu wa kukuchanganya kabisa. Anacheka. Anaiga mwendo wa marehemu, anasema marehemu alikuwa bahili hata wa kikohozi, anakaa njiani na kukataa jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Wewe damu itakuchemka. Tulia. Huyo ni mtani. Wanyamwezi wana watani wao wa siku nyingi, Wazaramo na Wagogo wakiwamo, watu waliojuana kwenye njia ile ile ya misafara, ambako kutukanana kwa mzaha kulikuwa salama zaidi kuliko kuoneana haya mkiwa na mikuki mkononi. Mtani ana leseni ya kukosa adabu, na leseni hiyo ina masharti: ana haki kwa watu fulani tu, na aliyetaniwa hana ruhusa ya kukasirika.

Shida ni kwamba siku hizi kila mtu anajipa leseni. Mtu hujui kabila lake wala yeye halijui lako, anakuambia umezeeka vibaya, kisha anamalizia "natania bwana." Namna ya kuwatofautisha ni rahisi. Tazama mikono. Mtani wa kweli msibani anachota maji, anachimba kaburi, anaosha masufuria, na mzaha wake unamvusha mjane dakika mbili tatu ambazo machozi pekee yangemshinda. Yule mwingine anaongea tu, na pilau ikiisha humwoni.

Ukichoka na haya, nenda kijiwe cha kahawa. Huko utakuta jopo la wazee waliobobea katika kuporomoka kwa maadili. Watalijadili suala hilo kwa kukatizana, kupaza sauti na kuitana wajinga. Watakukumbusha kwamba Januari 1958 chama cha TANU kilikutana hapa hapa Tabora kubishana juu ya kura tatu, yaani kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na watu wakatofautiana bila kumtukania mtu mama yake. Usiulize nani kati yao alikuwapo ukumbini. Wala usiwakumbushe kwamba mwana-TANU Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka akaanzisha chama chake; mmoja atakujibu kuwa kutoka bila kutukana nako ni adabu, na kwa kweli hapo nakubaliana naye. Lipia kahawa ya mzee aliye karibu nawe. Hilo bado linafanya kazi.

Mwisho ni kuaga. Bibi alikuambia mwenyeji husindikiza, na mgeni hukataa kusindikizwa, na mwenyeji hushikilia, mkafika njia panda mkasimama tena nusu saa, maana maneno ya maana hutokea pale. Sasa ukisema "mimi nataka nikimbie", usishangae mwenyeji akibaki kwenye kochi akibonyeza simu. Anakusindikiza: amekuitia bodaboda. Dereva akija, mwambie shikamoo kama ni mkubwa, niaje kama ni mdogo, na mpatane bei kabla hujapanda.