Kizima Moto: Kipi Uunde, Kipi Ununue Ukiwa Bwera

Kabla hujakata mpira wala kufungua pochi, ipime barabara. Kutoka Kasese mjini hadi Bwera ni zaidi ya kilomita 50: unashuka mpaka Kikorongo, kisha unapinda kuelekea mpakani Mpondwe. Hata gari la zimamoto likitoka mjini dakika ileile uliyopiga 999, na malori ya mizigo ya Kongo yakalipisha njia, kibanda cha mbao chenye mitumba hakitalisubiri. Simu piga, na upige mapema, maana moto wa sokoni hauli kibanda kimoja ukashiba. Lakini dakika za mwanzo ni zako na jirani yako.

Kanuni yangu ni hii: chombo cha kupiga, kubeba au kufunika, unda mwenyewe. Chombo chenye presha, nunua.

Anza na kipigio, silaha ya moto wa nyasi. Tafuta kipande kinene cha mpira, kwa mfano ule unaoning'inia nyuma ya tairi la lori kuzuia matope, ukubwa wa ubao wa kukatia nyama. Usichukue tairi lenye nyuzi za chuma. Kikaze kwenye mti mkavu unaokufikia kifuani, kwa boliti mbili, si misumari, maana misumari itang'oka pigo la tatu. Kilichobaki ni mkono wako. Vijana wetu hukiinua juu kama wanatwanga, cheche zinaruka, na nyasi za nyuma yao zinawaka. Usiinue juu. Kilaze juu ya mwali, ukandamize, ukivute kuelekea palipokwisha kuungua. Simama upande uliokwisha kuungua, upepo ukiwa mgongoni.

Cha pili tayari unacho nyumbani kama unalima kahawa au pamba: bomba la kupulizia dawa, lile la kubeba mgongoni. Linabeba lita 15 au 16, na linafika mahali ambapo gari halitafika kamwe. Moto wa mwaka 2012 ulipanda hadi nyanda za juu za Rwenzori. Huko hakuna barabara ya kupeleka tangi la maji. Lioshe bomba mara kadhaa hadi harufu ya dawa iishe, ujaze maji, uongeze sabuni kidogo ya maji ili yapenye ndani ya godoro au marundo ya nguo. Kwenye petroli au mafuta ya kukaangia, usilielekeze kabisa: mafuta yataelea juu ya maji na kusambaa yakiwaka. Kwenye umeme pia usithubutu.

Ndoo ya mchanga ni ya wauza petroli ya chupa kando ya barabara. Mchanga uwe mkavu, uchekechwe, na ndoo iwe na mfuniko, la sivyo mvua itaugeuza tofali na watoto wataumaliza kwa kuchezea.

Sasa yule fundi wa kuchomelea. Utamkuta na mtungi wa gesi uliochakaa, macho yanamng'aa: "Bosi, hii nakutengenezea kizima moto, nusu ya bei ya dukani." Mshukuru, umpe kazi ya geti. George William Manby wa Uingereza alipotengeneza kizima moto chake mwaka 1818, alitumia chombo cha shaba, akasukuma maji yenye chumvi ya potasi kwa hewa iliyoshindiliwa. Kasese tunaijua shaba tangu mgodi wa Kilembe, lakini kuchimba shaba na kutengeneza chombo cha presha ni mambo mawili. Chombo kilichochomelewa vibaya hupasuka, na kitapasuka mikononi mwa aliyekishika, pengine mkeo. Kizima moto cha kuunda kwa chupa ya siki na magadi nacho ni hivyohivyo.

Ukienda dukani, nunua mtungi wa unga wa kilo 6. Angalia mshale wa kipimo uwe kwenye kijani, pini iwe imefungwa kwa lakiri, na mtungi usiwe na kutu wala kovu la kuchomelewa. Mtungi wa namna hiyo hutoa unga kwa sekunde 15 hadi 20 tu. Ndiyo maana naumia nikikuta umefichwa nyuma ya magunia ya mchele, bado uko ndani ya nailoni yake. Utundike karibu na mlango. Kila mwezi upindue kichwa chini na kuutikisa, unga usigande. Siku ya siku, chomoa pini, simama hatua tatu mbali, elekeza kwenye shina la moto, si kwenye ndimi zake, na ufagie kushoto na kulia.

Bei ikikushinda peke yako, changeni mstari mzima wa vibanda. Mtungi ukae kwa mlinzi wa usiku, si kwa mwenyekiti anayelala nyumbani kwake. Ukifika wakati wa kuujaza upya, mwacheni mlinzi huyo aumalize kwanza juu ya moto mdogo wa takataka, mbele yenu wote.